Bambu yenye Noko alinikatia

Bunia, siku ya ine, mwezi wa tano 1981

Mvua ilianguka saa sita, sasa imeacha, lakini baridi imebaki. Udongo ya kiwanja ya masomo imeshikamana ku viatu yangu na sitaki kuitosha. Mutu anasafishaka viatu wakati siku yake imeisha muzuri.

Kaye yangu, naandikia weye ju hakuna mutu mwenye naweza kuambia. Niliharibu kitu na mukono yangu mwenyewe. Kisha nikasimama mbele ya watu, nikasema ilijiharibu.

Acha nianze ku mwanzo. Nikianza ku mwisho, nitafunga hii kaye na kukimbia.

Tangu mwezi wa pili niko ku deux mètres septante, metre mbili na santimetre makumi saba. Kuruka na bambu kwetu ku masomo ni hivi: miti mbili imesimama, fito moja inalala juu yao, chini kuna sanduku ya mbao mu udongo fasi ya kuingizia ncha ya bambu, na nyuma kuna lundo ya maganda ya kahawa fasi ya kuangukia. Unakimbia, unaingiza bambu, inakubeba. Miye inanibeba mpaka deux mètres septante, kisha inakatala. Wakipandisha fito hata vidole mbili tu, ninaigonga.

Citoyen professeur ya gym, mwalimu yetu ya michezo, anatufundisha akivaa abakosi yake, ile koti ya serikali, vifungo yote imefungwa, akishika kitabu yenye picha. Kiuno juu, miguu juu, kichwa chini. Nilifanya yote. Nilipandisha mikono ku bambu, nikaishusha, nikaipandisha tena. Nilijifunza kupindua miguu nikining'inia ku tawi ya avoka ya mama-mudogo, mwenye nakaa kwake, mpaka majirani wetu hapa mu kartie ya Mbunya wakanipa jina. "We Popo, umeshakula?" Na miye kuongea mbele ya watu siwezi, basi nilikuwa naning'inia tu, kimya, kama popo kweli.

Hakuna kitu ilibadilika.

Basi nikasema kosa ni ya bambu. Iko nzito, niliwaambia wote, haikunje. Bambu ni rahisi kuisemea mubaya, haijibu.

Noko Mugisa alinisikia. Ni ndugu ya mama yangu, shofere ya kamio yenye inatembea Boga na Bunia, na akiwa huku analala kwetu, ku nyumba ya mama-mudogo. Hakunicheka. Alirudi Boga, akaingia mu bambu mwenyewe na panga, akachagua moja, akaikausha poso tatu, siku makumi mbili na moja, juu ya moshi ya jikoni ya mama yake. Kisha akaifunga juu ya mizigo. Njia ilikuwa potopoto tupu, walilala siku tatu mu njia. Mama mumoja mwenye alikuwa mu ile kamio alituambia: kila mara walipopakua ili kamio itoke mu matope, kitu ya kwanza kushuka ilikuwa bambu. Watu walifuata nyuma.

Ile ya zamani nikamupa Ukumu. Ukumu ni mutoto ya Mahagi-Port, iko nyuma yangu mwaka moja, mufupi, anacheka hata mu dictée, wakati mwalimu anasoma na wote tunaandika. Anasemaka bambu ni kama muti yenye kwao wanasukumia pirogi mu maji, hakuna ya kuogopa.

Siku ya pili, Ukumu alipita deux mètres nonante, santimetre makumi mbili juu yangu.

Na bambu yangu ya zamani. Ile nzito.

Alitoka mu maganda ya kahawa akiwa nayo mpaka mu nywele, akaniitia mbele ya wote, vile mudogo anaitaka mukubwa yake: "Grand, kumbe ulinipa dawa!" Hakusema kwa ubaya. Wote walicheka, na miye nilicheka, lakini masikio yangu iliwaka. Ikafika zamu yangu, na bambu mupya ya Boga. Deux mètres septante-cinq, santimetre tano tu zaidi. Nilijaribu mara tatu. Mara tatu nilianguka pamoja na fito.

Siku ya posho, ni kusema siku ya sita, kesho kutwa, ndio mashindano na batoto ya masomo ingine. Noko alisogeza safari yake ju ya hiyo. Aliambia wenye mizigo yao wangoje. "Nataka nione vile bambu yangu inaruka," alisema, na furaha kama ya mutu mwenye ng'ombe yake imezaa.

Jana, kisha masomo, nilikamata kipande ya tofali nyuma ya jikoni. Mara ya kwanza niliipiga, bambu ilikatala. Ningeweza kuachia pale. Mara ya pili pia. Mara ya tatu ililia. Bambu yenye ilikauka muzuri iko na sauti, sikujua.

Leo nikaibeba mpaka ku kiwanja. Nikasema imepasuka, sijui vile. Ni sentensi ndefu kupita zote zenye nilisema mbele ya watu mwaka huu, na ilikuwa uongo. "Pole, grand," walisema. Ukumu alikaribia kulia. Mutu akakimbia kuita Noko ku parking, na Noko akafika na mipira ya ndani ya magurudumu ya kinga yenye alikata-kata njiani, ju ya kufungia.

Akapiga magoti mu matope. Akapitisha kidole gumba ku ufa, polepole. Kidole ikatoka nyekundu.

Unga ya tofali.

Aliangalia kidole. Aliniangalia. Ilikuwa kidogo tu, kama wakati wa kumeza mate. Kisha akapangusa kidole ku pantalo, akasema kwa sauti: "Batoto, bambu ya Boga haijazoea baridi ya Bunia! Hata miye, mugongo inapasukaka hivi hivi." Wote wakacheka. Akaanza kufunga mipira, akivuta na meno, na hakuniangalia tena mpaka alimaliza.

"Huyu mugonjwa apumuzike. Ukumu, mupe kaka yako ile ya zamani." Kisha akaniambia miye: "Mwipwa, kimbia nisikie."

Alisema nisikie. Aliinamisha kichwa na kufunga macho, vile anasikilizaka moteri. Nilikimbia mpaka ku sanduku.

"Unafunga frein, unakanyaga breki."

"Hapana, Noko."

"Unanifundisha kazi yangu? Pa, pa, pa, pa, halafu tititi. Hatua tatu ya mwisho, frein. Mwenye anafunga frein mbele ya potopoto, analalaka mule."

Noko iko na haki. Na ile yenye inanichoma zaidi: nilijua. Tangu mwezi wa pili nilijua. Pale karibu na sanduku ninaona fito, na miguu inaanza kukata hatua ndogo ndogo kama mutu mwenye anaingia mu nyumba ya wengine. Nilijua ni woga. Nilipenda iwe bambu.

Nikakimbia tena, fito ikiwa ku deux mètres quatre-vingts, santimetre kumi juu ya ile yangu. Sijui kama niliacha kabisa kufunga frein, labda nusu. Lakini bambu, ile ya zamani, ilinibeba mpaka nikaona fito chini ya tumbo yangu. Chini! Niliigonga na kifua nikishuka. Nikajaa maganda ya kahawa mu kinywa, Ukumu akipiga makelele, professeur akifungua kifungo moja ya abakosi. Noko akapiga mikono.

Afazali angenipiga miye.

Sasa Noko amekaa inje karibu na moto ya mbabula, mama-mudogo anapika sombe, majani ya muhogo, na nasikia Noko anamuelezea habari ya bambu yenye ilikufa na baridi. Mama-mudogo anacheka mpaka anakohoa. Uongo ilikuwa yangu peke yangu. Sasa iko na watu wawili wa kuibeba, na mwenye anaibeba muzuri ni yeye.

Nilijaribu kuandika ukweli kwanza na kifaransa. C'est moi qui l'ai cassée. Iko muzuri, kama dictée, haiumize mutu. Kisha nikaandika chini yake: Noko, ni miye, nilipiga bambu yako na tofali. Ku neno "yako" mukono ilisimama.

Kesho asubui, mbele ya kunywa chai, atafungua kamio kuangalia mafuta ya moteri. Ni pale nitamuambia. Toka ku mulango yetu mpaka ku kamio ni hatua makumi mbili. Nilienda kuzihesabu mbele giza haijaingia.

Kumi na saba ya kwanza, najua nitazifanya.