Ukuta Aliousiriba Monika

Jumanne, 2 Julai

Niwie radhi, daftari. Nimekuacha sandukuni tangu tulipomzika mke wangu Monika mwezi Machi. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na neno moja tu la kuandika, na sikutaka kulisoma kwa mwandiko wangu.

Leo: uji, mbuzi malishoni, alizeti juani. Kisha kufagia sebule. Vumbi la ukuta nalifagia kila asubuhi. Kesho yake lipo tena. Kila mwaka baada ya mavuno ya alizeti, Monika aliusiriba ukuta huu kwa kiganja chake: udongo mwekundu, samadi ya ng'ombe, majivu. Mwaka huu hakuna aliyesiriba. Umejaa mashimo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Jumatano, 3 Julai

Neema, kitinda mimba wetu, amekuja kutoka kazini mjini. Tarehe 28 wazazi wa mchumba wake wanaleta posa. Anataka ukuta wa sebule ulainishwe na kupakwa rangi.

"Baba, wale ni watu wa makoti. Wakiegemea hapa watarudi Ikungi na migongo myekundu. Mashangazi zao watanisimanga mpaka nizeeke."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Machi. Kisha niliona aibu kwamba nimecheka. Nimekubali.

Ijumaa, 5 Julai

Fundi amefika. Jina lake Juma, wa hapa hapa Unyambwa. Aliukwaruza ukuta kwa ukucha, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, puti haishiki juu ya mavi ya ng'ombe. Lazima nikwangue mpaka kwenye tofali, nipige lipu ya saruji, ndipo nipake puti."

"Samadi," nilimsahihisha.

"Hata ukiiita marashi, mzee, haitashika."

Ulimi mrefu. Ila shikamoo yake ilikuwa ya heshima.

Nimekataa kukwangua. Nimemwamuru apake hiyo puti yake nyeupe ya kulainishia juu ya ukuta ulivyo. Sababu sikumweleza. Niliwaza kwamba wageni wataona rangi, na kazi ya mikono ya Monika itabaki salama chini yake. Ameguna, akapaka.

Jumamosi, 6 Julai

Msasa umepitishwa. Ukuta mweupe, laini. Sebule inanuka kama zahanati. Sikukaa humo. Chakula nimekula jikoni.

Jumatatu, 8 Julai

Imeanguka. Bamba la puti lenye ukubwa wa mlango. Halikuanguka peke yake. Limeng'oka pamoja na udongo wote, hadi tofali zinaonekana. Nilichotaka kukihifadhi ndicho nilichokivunja.

Penye ukingo wa pengo kuna mistari myembamba, mmoja juu ya mwingine. Mwekundu. Wa kijivu. Mweusi, wa masika yale tuliyopikia ndani. Mwekundu tena. Kila mstari ni mwaka mmoja wa Monika. Nimeishi humu tangu tulipooana, na sikuwahi kujua kwamba miaka yote imo ukutani.

Juma alikuja kutazama. Nilingoja kejeli. Alisema tu, "Pole, mzee." Kisha akasema lililobaki ni kukwangua ukuta mzima, na kwamba lazima aanze Alhamisi, la sivyo lipu haitakauka kabla ya wageni.

Akikwangua, hautabaki mstari hata mmoja. Asipokwangua, mwanangu ataposwa mbele ya ukuta uliobomoka, na watasema nyumba isiyo na mama ndivyo ilivyo.

Jumanne, 9 Julai

Sikufanya lolote. Mbuzi walirudi wenyewe.

Jumatano, 10 Julai

Neema amekuja jioni. Niliogopa atalia. Hakulia, wala hakutaja rangi. Alichuchumaa penye pengo, akapitisha kidole juu ya mistari, taratibu.

"Baba, mwaka niliozaliwa mimi ni upi hapa?"

Nimefundisha historia maisha yangu yote. Siku aliyozaliwa naijua, saa naijua, hata mvua ya siku ile naikumbuka. Mstari wake siujui. Monika angeuonyesha huku akisonga ugali, bila hata kugeuka.

Nilisema sijui.

Aliinuka, akapangusa kidole. Kisha akasema, "Basi uamue wewe, Baba. Makoti hufuliwa." Akaosha vikombe, akaniaga, akarudi mjini.

Juma anakuja kesho asubuhi. Nimefagia sebule. Vumbi la leo sikulitupa. Limo ndani ya ungo wa Monika, jekundu, kidogo sana. Sijui nitamwambia nini. Nikishaamua, nitaandika.