Birika Juu ya Mashine

Shoga, hebu sikia! Niko kliniki ya sukari na mama.

Mtaalamu wa lishe kauliza uzito na umri, kapiga hesabu kwenye simu: "Mwili wake ukipumzika hautumii nguvu nyingi. Apunguze chakula." Apunguze! Mama aliyezimia jikoni juzi!

Nikauliza, "Kanuni ya hesabu hiyo ilijaribiwa kwa wenye sukari?"

"Kwa wenye afya. Lakini inakaribia."

Inakaribia! Marehemu baba naye walimkadiria hivyohivyo, akakonda akabaki mifupa. Sijasahau.

Na mashine ya kupima nguvu hiyo kwa pumzi ya mgonjwa ipo humu humu! Wameigeuza meza ya birika.

"Inachukua muda," anasema mtaalamu.

Mama akajilaza kitanda cha vipimo kando ya mashine, akamwambia: "Toa birika, mwanangu. Muda ninao, nguvu ndiyo sina."

Mtaalamu akalitoa kweli. Akajimiminia chai, akalirudisha!

Mama bado kalala. Hatutoki mpaka apimwe.