Chombo cha Ishirini na Moja

Wabera, Isiolo
Jumanne, saa nane mchana

Kwako Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Goti linasemaje? Usiniambie "si mbaya" kama kawaida yako. Niambie kama unashuka shambani bila fimbo ama na fimbo. Na Baba, kile kikohozi kimemwachilia? Huku sisi tuko, kwa neema. Njoki amefungua shule na tayari amepoteza sweta, ingawa kwa joto hili la Isiolo sijui alikuwa akiibeba ya nini. Baba Njoki bado anafundisha kule Burat, na mshahara wake bado unakuja ukitaka. Na wajina wako, Wanjira mdogo, amefikisha wiki tano leo. Amechukua paji lako la uso, na akikasirika anakunja mdomo vile wewe hufanya mtu akikanyaga miche yako. Nikimwangalia natamani kumwomba msamaha.

Najua utauliza mbona barua na simu ziko. Mama, kwa simu nitalia, na wewe ukisikia ninalia utajifunga leso kesho asubuhi upande gari na hilo goti lako. Kwa hivyo naandika. Anayekuletea barua hii ni Mama Ciku, jirani yangu wa mboga, yule huja kuchukua nyanya Kagio. Anatoka hapa kesho mchana na anarudi Ijumaa. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hajageuza gari, kwa sababu kuna kitu nakuomba.

Nina wasiwasi mpaka maziwa yanataka kukauka kifuani. Kesho saa nne asubuhi mnada unafungwa, na katika huo mnada kuna kitu ambacho si changu. Nimekiweka mimi mwenyewe, hakuna mtu alinishika mkono. Nikikiacha, kinauzwa. Nikikitoa, duka langu linafungwa. Hiyo ndiyo shida, sasa nikueleze ilivyoanza.

Ile biashara yangu ya mtandao unaijua. Nilikueleza Krismasi ukasema basi ni kama mnada wa ng'ombe, ila hakuna ng'ombe wala vumbi. Ndivyo hasa. Napiga kitu picha, naandika maelezo, nakiweka kwenye tovuti ya mnada ya huko ng'ambo, na watu wa huko wanashindana kuweka dau kwa siku saba. Aliyeweka dau kubwa mwishoni ndiye namtumia mzigo. Kuuza si kazi. Kazi ni kupata mali ya jumla ambayo wengine hawana. Nikiweka shanga, kumbe watu wengi wameweka shanga zile zile kutoka kwa muuzaji yule yule wa Nairobi. Nilijaribu vibakuli vya mawe ya Kisii, nikanunua kwa picha bila kuvigusa, vikamfikia mteja vikiwa vipande. Nikapewa onyo la kwanza. Nikajaribu viatu vya shanga, mzigo ukalala njiani wiki sijui ngapi, mteja akalalamika. Onyo la pili. Na sheria yao ni kwamba onyo la tatu hakuna, wanafunga tu. Kutoa kitu mnadani watu wakiwa wameshaweka dau ni kosa pia. Na hilo duka, Mama, ndilo linalipa nyumba hii miezi ile mshahara wa Baba Njoki haujaonekana.

Ndipo nikasikia habari za Garbatulla. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, nikapanda gari la kwenda huko. Ile barabara ilinitikisa mpaka nikadhani nitamzaa wajina wako juu ya magunia ya sukari. Nikampata Mama Talaso, mama Mborana mwenye umri kama wako, ambaye yeye na wenzake wanasuka vile vyombo vya maziwa vinavyoitwa chicho. Vinasukwa kwa nyuzi za mizizi, kamba kwa kamba, zinakazwa hadi maziwa hayavuji hata tone, na mfuniko juu. Vizuri ajabu. Mimi nikaanza pale pale, "Mama, jumla mnatoa bei gani?" Akaniangalia tumbo, akaniangalia miguu yangu ilivyovimba, akasema, "Kwanza kaa." Nilikaa mpaka saa tisa kabla hajakubali kutaja bei.

Na unajua alinipa nini? Buna. Ni kahawa, lakini si ya kunywa tu. Wanachukua lile tunda kavu na ganda lake, wanalikaanga kwa samli, wanatafuna na kuombea watu baraka. Nilipoitia mdomoni nikacheka peke yangu. Mama, ni mbuni! Ile mbuni yetu unayoanika kwa gunia nyuma ya jikoni, ile kiwandani wanaipokea kama wanakuhurumia. Nikamwambia mama yangu anayo. Akaacha kutafuna. "Nzima? Haijapasuka?" Nikamwambia nzima. Akasema zinazofika huko zimevunjikavunjika, na ya baraka inataka nzima. Tangu siku hiyo akaniita intala, yaani binti, na vyombo akanipa kwa bei ambayo hata dereva alishangaa.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilipojifungua, nilikuwa nimeagiza vyombo ishirini. Wanjira akiwa na siku kumi, gari likaleta gunia. Dereva akaliweka mlangoni, akasema "Mzigo wako huu," akaenda zake. Nikahesabu, ishirini. Na juu, kimefungwa kwa leso, kimoja zaidi. Hiki hakikuwa kipya. Kilikuwa cheusi kwa moshi, kinang'aa mahali mikono imekishika, na simbi zimeshonwa kwenye kamba yake. Ndani kulikuwa na maziwa ya ngamia, yananukia ule moshi. Tuliyanywa siku hiyo hiyo, na nikikuambia nani alikunywa mengi, si mimi niliyezaa.

Nikajua maziwa ni zawadi ya mtoto. Hilo nilijua. Lakini chombo, Mama, nikasema ni nyongeza. Si ukinunua jumla huwa unaongezwa kimoja? Ukichukua dazeni sokoni wanakutupia cha kumi na tatu na unaenda. Ndivyo nilivyofikiri, mimi mtoto wako, niliyelelewa na wewe. Nikakiweka juu ya leso karibu na dirisha, nikapiga picha, nikaandika: cha zamani, kimetumika, kina harufu ya moshi.

Kumbe hao watu wa ng'ambo wanataka vikuukuu! Vile vipya mtu mmoja anaweka dau, pengine wawili. Hiki siku ya pili walikuwa wanakipigania. Jana dau lilikuwa limepita vile vyote ishirini vikiwekwa pamoja. Nilikuwa naangalia simu huku nimembeba mtoto, nikiimba. Haki nilikuwa naimba.

Halafu Mama Talaso akapiga.

"Intala, mtoto analala?"

"Analala, Mama."

"Maziwa ilifika?"

"Ilifika, asante sana, tulikunywa yote."

"Basi vizuri. Sasa hiyo chombo usioshe na sabuni, sabuni inaharibu. Wacha hivyo hivyo. Ikirudi nitafukiza mimi."

Ikirudi. Mama, nilihisi baridi, Isiolo hii, saa saba mchana. Naye anaendelea kuongea bila wasiwasi wowote. "Ni mama yangu alisuka hiyo nikiolewa. Watoto yangu wote sita walikunywa hapo. Nikasema huyu wako pia aanze na hiyo."

Nikamwambia iko salama. Ndiyo, nilimdanganya, na nikakata simu nikisema mtoto analia, na mtoto alikuwa amelala fofofo.

Nilipomweleza Baba Njoki akakuna kichwa. "Wacha iuzwe, umnunulie ingine mpya. Hata mbili." Nikamwambia mpya haiwezi kuwa ya mama yake. Akasema, "Na nyumba tukishindwa, tutamwambia mwenye nyumba kwamba ilikuwa ya mama ya mtu?" Si mtu mbaya, Mama, unamjua. Anaogopa tu kama mimi. Tangu hapo tunaongea kuhusu chumvi na nepi tu.

Nimekuwa nikikumbuka wakati Kariuki alizaliwa. Yule jirani wetu wa ng'ambo ya mto alikuletea maharagwe ya njahi kwa kiondo. Ulikitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kikakaa hapo karibu mwezi, ukingoja ndizi zikomae. Nikakuuliza si nikipeleke tu, ni njia yangu ya shule. Ulinikaripia mpaka nikakimbia nje. "Kiondo cha watu hakirudi kikipiga miayo!" Miaka yote hiyo nilikuwa najua jambo hili, Mama. Nilijua chombo kilicholeta chakula kinarudi, na kinarudi na kitu. Lakini akili ya jumla ilikuwa imeniingia, hata nikasahau nilikozaliwa.

Wajina wako ameamka. Nitaendelea.

Jumatano, karibu saa sita

Mama, nimekitoa.

Leo tangu alfajiri nilikuwa naenda chooni na simu, narudi na simu. Saa tatu unusu dau likaruka tena, na Mungu anisamehe, kwa dakika moja nikahesabu miezi ya kodi. Baba Njoki hakuwa ameenda kazini mapema, alikaa tu kitandani akifunga na kufungua kamba ya kiatu. Mwishowe akanyoosha mikono akasema, "Nipe mtoto." Akamchukua. Basi hapo nikajua ameniachia njia.

Ukibonyeza kutoa, wanakuuliza sababu, na wanakupa za kuchagua. Kimevunjika. Kimepotea. Umekosea bei. Nilizisoma zote mara mbili, hakuna iliyosema kina mwenyewe. Nikachagua "sababu nyingine," nikabonyeza. Ujumbe ulifika kabla sijaweka simu mezani. Wamefunga. Si chombo hicho tu, duka lote, na vile sita vipya vilivyokuwa mnadani pamoja nacho. Vipya vyote ishirini viko chini ya kitanda na sijui nitamuuzia nani. Nililia kidogo, sitakuficha. Baba Njoki naye akasema atawauliza walimu kama kuna anayetaka chombo cha maziwa. Walimu wa Burat, Mama! Nikacheka na makamasi.

Halafu nikampigia Mama Talaso, kwa sababu ule uongo ulikuwa bado kati yetu. Nikamwambia kila kitu bila kupumua.

"Uliweka chombo yangu mnada? Kama mbuzi?"

"Ndiyo, Mama. Nimeitoa."

Nilisikia mbuzi wenyewe huko nyuma wakilia.

"Na hao watu wa huko wanataka ya kuukuu ya nini? Wana ngamia?"

"Hawana, Mama. Wanatundika tu kwa ukuta."

"Kwa ukuta." Alilisema hilo polepole, kama mtu ameambiwa habari ya mgonjwa. Kisha akasema, "Ungeniuliza, intala. Simu si uko nayo." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Mwisho akasema, "Lete wewe mwenyewe. Usipatie dereva." Akakata.

Sasa sijui, Mama. Sijui kama ananiita ili anisamehe ama anataka kuniangalia usoni akinifukuza. Naenda Jumamosi, na wajina wako mgongoni, na hiyo barabara. Duka limekwenda, nitaanza upya kwingine ama nitauza mandazi, Mungu atafungua. Lakini huyu mama nikimpoteza nitakuwa nimempoteza kwa mkono wangu, na hiyo haina mahali pa kuanza upya.

Hapa sina cha kutia ndani ya hicho chombo. Sukari ya dukani anayo, majani ya chai anayo. Kwa hivyo nakuomba mbuni. Ile kavu iliyo nyuma ya jikoni, nzima, yenye ganda lake. Ichague mwenyewe, tafadhali, usimwachie Kariuki, atachanganya na iliyopasuka. Kijaze kikombe kikubwa mara tatu, chombo si kikubwa sana. Mpe Mama Ciku aibebe mapajani, asiitupe nyuma chini ya nyanya.

Msalimie Baba, mwambie avae shuka kifuani asubuhi hata kama anaona haya. Msalimie Kariuki, na umwambie pikipiki si ndege. Msalimie shangazi mfuga sungura, na mke wa mchungaji aliyeniombea nikiwa na uchungu, mwambie maombi yalifika ila aendelee. Njoki anasema umwekee ndizi mbivu, na ati zisiwe zile za Kariuki kuiba.

Na usiniambie nilikosa mimi kwa hivyo nilipe mimi. Nimeshafikiri hilo pia. Lakini Mama Talaso hakuleta yale maziwa kwangu, aliyaleta kwa mtoto, na mtoto ni Wanjira, na kwetu wajina wako ni wewe mwenyewe. Ni wewe uliletewa maziwa, Mama. Chombo ni chako kurudisha.

Naingoja mbuni yako Ijumaa mlangoni,
binti yako aliyesahau na akakumbuka,
Muthoni, wajina wako akiwa mgongoni