Vuta, Usisukume

Jumatatu, 2 Machi 1964

Mbao mbili kabla ya chai. Gogo nene la mutere, mti wa msitu huu wa Kakamega. Mimi juu, Shivachi chini shimoni, unga wa mbao unamwingia machoni kama kawaida. Tangu Uhuru shule zinajengwa kila kilima, na mwenye kazi hatupumzishi.

Ubao wa pili umepinda. Mstari nilichora mwenyewe, na kuufuata ni kazi ya mtu wa juu. Shivachi akapiga kelele kutoka chini: "Mtaita! Unapasua mbao ama unafuata nyoka?" Ndivyo anavyoniita, kwa kuwa kwetu ni Taita. Nikamwambia yeye ndiye anasukuma. Msumeno wa watu wawili hausukumwi. Mwenzako akivuta, wewe unaachia. Kisha unavuta wewe, anaachia yeye. Ukisukuma, msumeno unajikunja na mstari unapotea.

Nikamtukana. Amekula chakula chake mbali nami.

Jumapili, 15 Machi

Nimeshindwa kufunga kifungo cha shati. Mkono wa kulia. Kidole gumba kinakaa tu, kama cha mtu mwingine.

Halafu nimeona jambo. Nyama ya mkono inacheza yenyewe chini ya ngozi, kama ng'ombe anavyotikisa ngozi kufukuza nzi. Hakuna nzi. Sijaiambia icheze. Nimeitazama mpaka nikaogopa, nikavaa koti juu.

Kanisani sikwenda.

Alhamisi, 9 Aprili

Leo nilikuwa karibu kuua mtu.

Nilikuwa navuta juu. Vidole vikafunguka. Sikuvifungua mimi. Msumeno ukashuka shimoni na uzito wake wote, ukapita kando ya shingo ya Shivachi, ukachoma udongo. Alitoka mweupe kwa unga na hofu. Nilidhani atanipiga. Akanishika mkono, akaugeuza, akaona shimo lililo kati ya kidole gumba na cha shahada. Hapo palikuwa na nyama. Nyama imekwenda wapi?

Wiki zote hizi nilikuwa namlaumu yeye. Kumbe ni mimi.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekwenda hospitali ya misheni, Shivachi amenisindikiza. Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akanichoma sindano, akaniambia nitoe ulimi. Ulimi aliutazama kwa muda mrefu.

Akasema mishipa inayopeleka amri kutoka kichwani hadi kwenye nyama inakufa. Ikifa, nyama hukonda. Mkono huu, kisha ule, kisha miguu. Akili itabaki nzima. Hakuna dawa.

Niliuliza, dawa ya Kizungu haipo, ya Kiluhya je? Shivachi akacheka, daktari hakucheka. Niliuliza nitaishi muda gani. Akafungua dirisha.

Sista alitufundisha mazoezi ya nyumbani. Kila kiungo kipelekwe polepole hadi mwisho wake, kisha kirudishwe. Bega, kiwiko, vidole kimoja kimoja, shingo, kifundo cha mguu. Asubuhi na jioni. Viungo visikauke. Mtu mwingine aisogeze mikono yangu, mimi nilegee. Alisema, "Ukihisi umechoka, umeshapita mpaka."

Mimi nimepasua miti tangu nilipoacha shule darasa la nne. Sijui kazi inayoachwa kabla ya kuchoka.

Jumatano, 6 Mei

Sista ni mtu mwema lakini hajui mikono. Mkono uliolegea hutiwa nguvu kwa kazi. Ng'ombe wa jembe huwezi kumlaza ukasema unamfundisha kulima. Kila alfajiri ninafunga mlango na kuinua ile nyundo kubwa ya kupigia kabari. Ninainua mpaka ninatetemeka. Shivachi hajui.

Mwenye kazi amenipa kazi ya kupanga mbao. Juu ya gogo yupo kijana kutoka Likuyani.

Jumanne, 19 Mei

Nyundo imenishinda. Si leo tu. Tangu Jumapili mkono haupandi hata kufikia kidevu. Niliusubiri urudi, kama mwili unavyorudi baada ya usingizi. Haukurudi.

Nimefanya mimi haya? Au ungekwenda tu? Sista aliniambia, na mimi nikajifungia ndani na nyundo. Pumbavu.

Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Maandishi ya mtoto.

Jumatano, 20 Mei

Shivachi aliiona nyundo kando ya kitanda, akaelewa. Sijawahi kumwona na hasira hivyo. "Wewe! Juu ya gogo ulikuwa unasukumanga? Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja?"

Nikasema hapana.

"Basi mbona mwili wako unausukuma?"

Akaketi mbele yangu, akanishika kifundo cha mkono na kiwiko, akauvuta mkono taratibu, mwendo uleule wa msumeno. Nikakaza. Akaacha kuvuta, akasubiri. Nikaachia. Mkono ukaenda mbali kuliko nilivyojua unaweza kwenda. Nimelia mbele ya mwanamume mwenzangu.

Jumamosi, 27 Juni

Anakuja kila asubuhi kabla ya kwenda msituni. Maji ya moto kwanza, kitambaa begani, kisha tunapasua mbao, ndivyo anavyoyaita mazoezi. Leo alisema mimi ni mutere mgumu, mke wake angekwisha nipasua zamani. Vidole vya kulia havina nguvu lakini vinanyooka. Havijajikunja kama makucha. Hii ndiyo faida, nyingine hakuna.

Nimeanza kuuburuta mguu wa kushoto. Unyayo unapiga chini pap, pap. Nilidhani kuna mtu nyuma yangu.

Ijumaa, 17 Julai

Mvua siku tatu, mto umejaa, Shivachi hakuweza kuvuka. Bega limekauka kama mlango uliovimba. Leo alipolisogeza nilipiga ukelele, majirani wakatoka.

Akaniambia wazi. Yeye ana kazi ya shimoni, ana shamba, ana watoto. Jioni hawezi kuja. "Msumeno hauna mshiko mmoja, ndugu yangu. Mwite mke wako."

Nikakataa. Wakesho aliniona mara ya mwisho nikibeba jiwe la kusagia kutoka bondeni peke yangu, na yeye nyuma akinicheka. Huyo ndiye mume anayemsubiri kule Taita. Nimemwomba Shivachi atoke nyumbani kwangu. Ametoka.

Jumapili, 19 Julai

Nilianguka mlangoni. Mikono haikunikinga, nilianguka kwa uso kama gogo. Nimelala pale nikitazama siafu wakipita, nikifikiri watanigeukia. Mke wa Shivachi alinikuta, amekuja na uji. Kumbe yeye na mumewe walikuwa hawajanikasirikia hata kidogo.

Nimemwandikia Wakesho kwa maandishi yangu ya mtoto. Njoo. Mimi mgonjwa, sitapona. Panda treni Voi, shuka Kisumu, Shivachi atakupokea.

Jumanne, 11 Agosti

Amefika. Nilikuwa kitini. Alisimama mlangoni na mzigo wake kichwani, hakuutua. Alinitazama mikono, shingo, miguu. Uso wake nilidhani nimejiandaa kuuona. Sikuwa nimejiandaa.

Akasema, "Shivachi ameniambia njiani. Tangu mwezi wa tatu?" Nikasema ndiyo. "Na ukanyamaza." Ndiyo. Akatua mzigo, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akilia. Shivachi alitazama chini.

Aliporudi uso umeoshwa. Akamuuliza Shivachi, "Huwa unamshika wapi?"

Ijumaa, 14 Agosti

Ana haraka. Ananivuta kama mtu anayechota maji, nami kwa maumivu ninakaza. Tumegombana. Shivachi akasimama kati yetu kama mwalimu: "Shemeji, vuta. Na wewe Mtaita, achia. Akiachia yeye, ndipo urudishe. Hapa hakuna bosi." Wakesho akasema huyu bwana wa Kakamega anaongea kama kasuku. Lakini akapunguza mwendo.

Jumanne, 1 Septemba

Asubuhi. Ukungu. Wakesho ameninywesha chai, imenimwagikia kidogo.

Kisha kitambaa cha moto, bega, kiwiko. Shivachi siku hizi haji asubuhi, anapita tu njiani na kupiga mluzi. Kule msituni msumeno umeanza, yeye na kijana wa Likuyani. Nikaona tu mikono ya Wakesho imeingia katika mwendo ule wa msumeno.

Akavuta. Nikaachia.