Nilivyomchunguza Mshauri Wako

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kwamba dawa unazimeza, si kuzificha chini ya mto ukidhani Mama haoni. Mimi ni mzima, na kazi ya ushonaji inakwenda.

Uliniagiza nimchunguze yule mshauri wa fedha kabla hujamkabidhi kiinua mgongo chako. Sikushangaa. Wewe hata ukishafunga mlango lazima urudi kulitikisa kufuli.

Nilianzia ofisini kwake, chumba kidogo juu ya duka la viatu. Aliponiona nimekikodolea macho cheti kilichotundikwa ukutani, alicheka. Akaniambia cheti hata mchapishaji wa kadi za harusi anaweza kukitengeneza, nichukue namba ya leseni nikaulize kwa waliomsajili. Nikaenda. Karani wa huko, mama asiye na haraka na dunia, alitafuta kwenye kompyuta yake, akasema leseni ni hai, picha ni yake, wala hakuna mteja aliyewahi kumlalamikia. Nikamwomba aangalie tena. Akaniangalia mimi.

Nikarudi kwa mshauri kumuuliza analipwaje. Alisema utamlipa wewe mwenyewe, hapokei kitu kwa kampuni yoyote, na fedha zitakaa kwa jina lako bila yeye kuzigusa. Kisha naye akauliza kama kuna mtoto anayezitegemea, kwa sababu zikishafungiwa kwenye uwekezaji wa miaka kadhaa hazitoki kirahisi. Nikamjibu hakuna.

Baba, hapo nilidanganya. Yupo, na ni mimi. Chumba cha jirani na kibanda changu kimebaki wazi, nami nilishakipangia cherehani na mafundi kwa kiinua mgongo chako, bila kukuambia. Njia nzima nilikuwa naomba huyo bwana awe tapeli. Nilipoambiwa ni msafi, niliumia. Jana nikakuandikia kwamba hatambuliki popote. Asubuhi nimeisoma barua ile, nikaona aibu, nikaichana.

Mpe kazi, ni mkweli. Ila kabla hujatia sahihi, mwambie jibu la binti yako lilikuwa la uongo, halafu uamue mwenyewe. Ukisema hunipi hata senti, nitaitikia na sitanuna, au nitanuna kidogo tu.

Msalimie sana Mama. Habari za chini ya mto sitamwambia.

Ni mimi bintiyo, kufuli ambalo hukuwahi kulitikisa.