Kodiani Ambayo Haikufunguliwa

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenikanya nisimweleze mkubwa shida yangu kabla ya kumsalimu, hata kama shida yenyewe inaniunguza. Hii inaniunguza. Ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na mimi Restituta wako bado nahangaika kama kuku anayetaka kutaga.

Nianze na ya nyumbani. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua. Ulezi umekubali mwaka huu. Kwaya ya kigango inaimba kwa ngoma peke yake, maana hakuna aliyeshika nafasi yako ya kupiga kodiani. Ile ofisi ya intaneti pale mjini, uliyoingia ukivua kofia kana kwamba ni kanisani, siku hizi haiko peke yake, ziko nne. Mimi nina meza yangu katika mojawapo. Watu wananifuata kutoka Matai, kutoka Laela, niwatafutie gitaa na tarumbeta za mitumba kwenye minada ya mtandaoni. Wananiita mtaalamu! Wangejua utaalamu huo niliupataje, wasingenisogelea.

Unakumbuka panya walivyotafuna mvukuto wa kodiani yako ya zamani? Ulikaa nayo mapajani siku nzima, unaivuta na kuiminya, inatoa upepo tu. Wakati huo mimi ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, kiherehere kimenijaa. Nikakwambia soko sasa ni huria, vitu vya ng'ambo vinanunuliwa kwa kompyuta, kwa mnada, hapahapa Sumbawanga. Ukauza ng'ombe mmoja wa jembe. Kaka Deo, mtoto wa shangazi aliyekuwa masomoni ng'ambo, akakubali kutulipia kwa kadi yake.

Neno mnada ulilielewa kuliko mimi. Kule kwenye mnada wa ng'ombe hukuwahi kununua dume la Msukuma yeyote likiwa limelala. "Ng'ombe aliyelala hana kilema," ulikuwa unasema, na hutoi hela mpaka ainuke, atembee, ageuke. Basi siku tulipoiona ile kodiani kwenye kompyuta, nyekundu, inang'aa, imefungwa mikanda yake vizuri, kila aliyekuwa mle ofisini aliisifu. Wewe uliinama, ukaitazama kwa muda, ukasema, "Mwambie aifungue."

Ulitaka picha ya mvukuto ukiwa umevutwa, tuone mikunjo. Lilikuwa swali la mstari mmoja tu. Baba, sikuweza kuliandika kwa Kiingereza. Miaka minne ya sekondari uliyonilipia, na mstari mmoja ulinishinda, huku mwenye ofisi amesimama nyuma yangu na wewe unanitazama kwa fahari. Na muda wa mnada ulikuwa unayoyoma. Nikabonyeza herufi zisizo na maana, nikazifuta. Nikakaa kidogo kama mtu anayesubiri jibu. Kisha nikakugeukia nikasema muuzaji amejibu, picha itachelewa, lakini inafunguka vizuri na haivuji.

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Ilipofika posta uliibeba mwenyewe mpaka nyumbani, ukakataa nisikusaidie. Ulipoivuta, mikunjo ilichanika kama mfuko wa saruji uliolowa maji. Fundi viatu akaiziba kwa ngozi, na siku ya Pasaka ukaipeleka kanisani. Ikakohoa kama mbuzi. Watoto wakacheka, ukacheka nao, nami nikajua unalia. Uliporudi ukaiweka juu ya kabati, na hukuigusa tena.

Laiti ungenifokea! Wewe ukasema, "Yule bwana amekudanganya, mwanangu." Ukanipa pole, mimi. Kesho yake ukanitajia barua ya kumwandikia, ya adabu kabisa, unamuuliza tu kwa nini alifanya vile. Nikaiandika kwenye daftari, nikasema nimeituma. Kila Jumapili ukaniuliza kama amejibu. Nikasema bado. "Labda na yeye ana shida zake," ukasema.

Halafu ukaugua. Siku padre alipokuja kukupa mpako wa wagonjwa, ulituambia sote kwamba umemsamehe yule bwana wa kodiani, na ukamwagiza Mama amkumbuke katika sala. Mimi nilikuwa miguuni pako, nimeshika kikombe cha uji. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Sikufungua mdomo.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Huyu wangu ameshaota ndevu. Siku hizi mteja akija na haraka zake namwambia aketi. Nasoma maelezo ya muuzaji mara mbili, natazama waliowahi kununua kwake wanasemaje, naomba picha za chini na za ndani, naomba chombo kipigwe tukisikie kwa simu. Muuzaji akitaka hela zipite pembeni ya mnada, tunamwacha. Akichukia maswali, tunamwacha pia. Wananicheka kwamba nanunua tarumbeta kama mtu anayechumbia. Nawaacha wacheke.

Mwezi uliopita nilimwandikia muuzaji wetu. Anwani yake nilikuwa nayo muda wote, Baba. Nilimweleza kila kitu, kwa Kiingereza kilekile kilichonishinda siku ile, na siku ya pili akajibu. Si bwana. Ni mama mtu mzima, mjane. Kodiani ilikuwa ya mumewe, na tangu afariki hakuwa na moyo wa kuifungua. Anasema angeulizwa angemwita jirani aifungue, na angetuambia ukweli. Kisha akaniomba radhi. Yeye, aombe radhi! Nilizima kompyuta nikatoka nje, nikalia mpaka wapita njia wakanipa pole ya msiba.

Pumzika, Baba yangu. Sikuombi unijibu. Nakuahidi jambo moja tu, na safari hii sidanganyi. Kila jioni Mama anashika rozari na kumwombea yule bwana wa kodiani, kama ulivyomwagiza, na mimi naitikia amina. Leo, kabla hajaanza, nitakaa naye jikoni nimweleze yote, kisha nimwambie jina la kutaja ni Restituta.

Mwanao,
Restituta