Ukurasa wa Herman

Katesh, Machi 2024

Shemeji Evarist,

Hatujambo, na mama yenu anakusalimu kutoka Tumati. Asante sana kwa kutengeneza upya tovuti yetu ya wapanda mlima. Kumbe maneno yakiwa yamefungiwa ndani ya msimbo wa JavaScript, Google huenda isiyasome. Tangu uyaandike waziwazi, wageni wanatupata.

Unauliza kama uufute ukurasa wa kaka yako, mume wangu, kwa kuwa tope lililoporomoka Jorodom Desemba lilimchukua. Usiufute. Wageni aliowaongoza kupanda Mlima Hanang waliweka viungo kwenye tovuti zao, na karibu vyote vinaelekea hapo. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba viungo hivyo vinatusogeza juu kwenye Google. Basi Herman bado anatuletea wageni.

Chini ya jina lake ongeza langu. Jumatatu nitawapandisha mimi.

Shemeji yako,
Hilaria